Uzi: Ian Dury, mtunzi ambaye mkusanyiko wa vibao ndio nyumba yake halisi

#1 Santuri Kuukuu

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiidharau mikusanyiko ya vibao. Niliamini kwamba msanii husikilizwa kwa albamu nzima, kwa mpangilio aliouchagua mwenyewe, na kwamba anayenunua mkusanyiko ni kama mgeni anayefika harusini sahani za pilau zinapopangwa na kuondoka kabla bibi harusi hajatolewa. Mtu mmoja amenilazimisha kuifuta kauli hiyo, naye ni Ian Dury, Mwingereza mchafu wa maneno lakini msafi wa vina, aliyeingia kwenye chati za nchi yake akiwa na umri wa miaka 35, wakati ambapo wenzake wengi wa lile lililoitwa wimbi jipya la muziki wa roki walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu.

Nianze na hesabu kabla ya ladha. Albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, "New Boots and Panties!!", ilitolewa na Stiff Records mwezi Septemba 1977. Ya pili, "Do It Yourself", ilitoka mwaka 1979 na kufika nafasi ya pili Uingereza. Sasa zitafuteni katika matoleo ya mwanzo ya albamu hizo mbili nyimbo zilizomfanya ajulikane: "Sex & Drugs & Rock & Roll" ya mwaka 1977, "What a Waste" na "Hit Me with Your Rhythm Stick" za mwaka 1978, na "Reasons to be Cheerful, Part 3" ya mwaka 1979. Hamtaiona hata moja. Dury alikuwa na kanuni ya kutoweka singo ndani ya albamu, kwa hiyo aliyekwisha kununua wimbo mmoja mmoja hakulipishwa mara ya pili kwa wimbo uleule. Matokeo yake ni kwamba kwa wasanii wengi mkusanyiko ni marudio, ilhali kwa Dury ni mahali pekee ambapo nusu ya kazi yake bora inakaa chini ya paa moja. Stiff walitoa mkusanyiko wa kwanza, "Juke Box Dury", mwaka 1981, wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia kampuni ya Polydor, na baada ya hapo imefuata mingine mingi.

Jambo lililonifanya niandike leo, hata hivyo, ni wimbo mmoja tu, "Reasons to be Cheerful". Ukiusikia kwa mara ya kwanza unadhani ni mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyomjia kichwani: Buddy Holly, jumba la dansi la Hammersmith, mbuzi, uji, ngamia, soksi za njano. Nilikaa nao nikiwa na kalamu na karatasi, nikagundua jambo ambalo msomaji wa ushairi wa Kiswahili ataliona upesi kuliko Mwingereza mwenyewe. Vipande vitatu vifupi vinaishia kwa kina kimoja, kisha kipande cha nne kinaachia kina kingine; halafu vinakuja vitatu vingine kwa kina kipya, na kipande cha nne kinarudi kwenye kina kilekile cha nne ya awali. Huo ni utenzi. Si mfano wa utenzi wala mwigo wake, kwa maana sidhani kama aliwahi kuusoma hata mmoja, bali ni umbo lilelile lililozaliwa kwingine. Katika beti nne za mwanzo kina cha bahari, yaani kile cha kipande cha nne, hakibadiliki hata mara moja: boti, mbuzi, kura na shayiri ya uji, kwa Kiingereza chao, vinaishia kwa sauti moja. Kinapofika kiitikio anapumua, kisha anabadilisha bahari na kuendelea kwa beti nne nyingine, ambazo vituo vyake ni soksi, mshtuko wa umeme, chochote kinachochezeka, na kutibu ndui.

Na ule mshtuko wa umeme haukuchomekwa kwa ajili ya kina tu. Dury na bendi yake ya The Blockheads walikuwa ziarani Italia mwaka 1979 pale mmoja wa mafundi wao aliponusurika kuuawa na umeme. Onyesho likaahirishwa, na wimbo ukaandikwa hotelini mjini Roma. Kwa hiyo, katikati ya orodha ya vitu vya kumfurahisha mwanadamu, mtunzi anaweka kwa sauti ya kawaida kabisa furaha ya kutopigwa na umeme, kisha anapita kana kwamba hakusema kitu. Asiyejua kisa anacheka kwa sababu ya kina. Anayejua anacheka kwa sababu nyingine. Nimeona watunzi wachache sana wanaoweza kufumba kwa namna hiyo bila kuwafungia nje wasiojua.

Naomba maoni ya wenye masikio.

#2 Mwana wa Besi

Ndugu Santuri, nakupongeza kwa uchambuzi wa vina, ila umeandika aya ndefu kuhusu Dury na kuitaja bendi mara moja tu, na hilo kwa mpigaji kama mimi ni kosa la jinai.

Maneno yale yangebaki mashairi ya kusomwa kwenye baa kama si Chas Jankel, aliyetunga naye muziki, na Norman Watt-Roy aliyeshika besi. Chukua "Hit Me with Your Rhythm Stick". Mstari wa besi wa wimbo huo una noti kumi na sita katika kila kipimo, unakimbia mwanzo hadi mwisho bila kujikwaa, na bado mwimbaji anazungumza juu yake kama mtu aliyekaa kibarazani. Watt-Roy alikuwa amemsikiliza sana Jaco Pastorius, mpiga besi wa jazi wa Marekani, na hilo linasikika. Kisha sikiliza saksofoni katikati ya wimbo: zile ni mbili, na zote mbili ziko mdomoni mwa mtu mmoja, Davey Payne, anazipuliza kwa wakati mmoja. Ngoma zilipigwa na Charley Charles, mzaliwa wa Guyana, ambaye mkono wake ulikuwa na uzito wa fanki ambao bendi nyingine za wimbi jipya hazikuwa nao. Wengi wao walikuwa wakipiga gitaa kwa hasira. Hawa walikuwa wakipiga muziki wa kuchezeka uliofunzwa na jazi.

Jankel amewahi kusimulia kwamba baada ya kurekodi wimbo huo alimpigia mama yake simu na kumwambia kuwa amerekodi wimbo wake wa kwanza utakaoshika namba moja. Ulitoka Novemba 1978, na mwishoni mwa Januari 1979 ukaiondoa "Y.M.C.A." ya Village People kileleni. Ulikaa wiki moja tu, lakini uliuza karibu nakala milioni moja.

Na kuhusu vina, Santuri, umeuruka wimbo huu bure. Jangwa la Sudan, bustani za Japani, Milan, Yucatan, kila mwanamke na kila mwanamume: kwa Kiingereza vyote vinagota kwenye sauti moja. Anaizungusha dunia nzima kwa kina kimoja, kisha anachomeka Kifaransa na Kijerumani cha kutongozea.

#3 Msomaji wa Kale

Mimi nasimama upande wa pili, na naomba nisionekane mkorofi.

Mleta uzi anasema mkusanyiko ndio nyumba ya Dury. Ninavyoona, mkusanyiko ni sebule. Vyumba vimo katika "New Boots and Panties!!". Huyu alisomea uchoraji katika Royal College of Art jijini London chini ya Peter Blake, yuleyule aliyeshiriki kubuni jalada la "Sgt. Pepper" la Beatles, na baadaye akafundisha sanaa Canterbury. Albamu ile ni ukumbi wa picha za watu. Yumo Billericay Dickie, mwashi wa Essex anayejigamba kwa wanawake aliowapata, wengine wakiwa na majina yanayooana kwa kina na mahali au kitu. Yumo Clevor Trever, mtu ambaye hata jina lake limekosewa tahajia, anayejitetea kwamba yeye si mjinga huku sentensi zake zikimkaba koo. Yumo Plaistow Patricia. Na yumo baba.

"My Old Man" ni wimbo ambao mkusanyiko wa vibao unaweza kuuacha kwa urahisi kwa kuwa haukuwahi kuwa kibao. Baba yake, aliyewahi kuwa bondia, alikuwa dereva wa basi, na baadaye akawaendesha matajiri katika Rolls-Royce. Wimbo unasimulia hayo bila machozi: kazi yake, sare yake, jinsi walivyoachana na kujuana upya, kisha kifo. Hakuna mzaha mkubwa ndani yake, na pengine ndiyo maana unauma. Mtu anayemjua Dury kwa vibao peke yake atamwona mchekeshaji. Aliyesikiliza albamu atajua kwamba mchekeshaji huyo alikuwa akiwatazama watu kwa makini ya mchoraji, na kwamba kejeli yake ilikuja baada ya kutazama, si kabla.

#4 Santuri Kuukuu

Msomaji wa Kale, hoja yako ni nzito na nusu yake naikubali bila kupigana. "My Old Man" siwezi kuutetea mkusanyiko wowote unaouacha. Mwana wa Besi naye amenichapa inavyostahili.

Nusu ninayoikataa ni hii ya kusema kwamba kwenye vibao hakuna watu. Sikiliza "What a Waste". Msemaji anataja kazi ambazo angeweza kuzifanya maishani: wakili, daktari, mwalimu mbele ya wanafunzi, mshairi, hata mkata tiketi katika kituo cha treni cha Fulham Broadway. Katikati ya orodha hiyo anajitaja pia kama cheche ya kuwasha mapinduzi na kama mtu aliyefungiwa taasisini kwa muda mrefu, yote kwa sauti moja, kana kwamba umbali baina ya mambo hayo ni mdogo. Kisha anakiri kwamba amechagua kuwa mpumbavu wa jukwaani katika bendi ya watu sita. Ukikumbuka kwamba mwandishi alikaa hospitalini na kwenye shule ya watoto wenye ulemavu sehemu kubwa ya utoto wake, ile taasisi haisomeki tena kama mzaha.

Au chukua "Sex & Drugs & Rock & Roll", wimbo ambao jina lake limegeuka kuwa kauli ya watu wasiowahi kuusikia. Wanaourudia wanadhani ni mwito wa anasa. Beti zenyewe kwa sehemu kubwa zinahusu nguo: mtu anaambiwa asikubali kuvishwa kijivu, asikubali kushonewa maisha na mtu mwingine, na hata jina la fundi cherehani limo. Haukuingia kwenye chati ulipotoka, lakini katika ziara ya wasanii wa Stiff mwishoni mwa mwaka 1977, ambayo Elvis Costello na Nick Lowe walikuwamo, ndio uliokuwa ukifungia onyesho wote wakiwa jukwaani.

Tena mkusanyiko una faida moja ambayo albamu haina, nayo ni nyimbo za upande wa pili wa santuri. "Razzle in My Pocket", uliokuwa nyuma ya "Sex & Drugs", ni kisa cha mvulana anayeiba gazeti la picha za utupu dukani mjini Romford na kukamatwa. "There Ain't Half Been Some Clever Bastards", uliokuwa nyuma ya "Hit Me", ni sifa kwa wenye vipaji, Noël Coward, Van Gogh na Einstein, iliyoimbwa kwa lugha ya mtu anayewasifu majirani zake. Mwaka 1979 ilikubidi uwe na santuri zote ndogo ili uzisikie. Leo zimo kwenye mkusanyiko, zimekaa bega kwa bega na wakubwa wake.

#5 Binti Kilimani

Nimesoma kimya kimya mpaka mlipoitaja shule ya watoto wenye ulemavu, kwa hiyo naomba nafasi.

Dury alipata polio mwaka 1949 akiwa na umri wa miaka saba, na mwenyewe aliamini kwamba aliambukizwa kwenye bwawa la kuogelea la Southend. Chanjo ya Salk ilipatikana miaka sita baadaye. Mguu, bega na mkono wake wa kushoto vilidhoofika, akatembea kwa fimbo na kifaa cha chuma mguuni maisha yake yote. Shangazi yangu mkubwa alitembea hivyohivyo, na jambo ninalolikumbuka kwake ni ulimi. Hakuna mtu mtaani aliyethubutu kumtania, kwa sababu jibu lilikuwa likitoka kabla utani haujaisha. Nilipomsikia Dury kwa mara ya kwanza nilimsikia shangazi.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Dury aliona ndani yake huruma ya kutoka juu, akajibu kwa "Spasticus Autisticus", uliorekodiwa Nassau, Bahamas, pamoja na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare wa Jamaika. Alichukua neno ambalo watoto wa shule Uingereza walikuwa wakilitumia kama tusi, akalivisha vazi la Spartacus, mtumwa aliyeasi, na kulifanya kilio cha vita. BBC iliunyima nafasi hewani. Kwa kuwa ulitolewa na Polydor, "Juke Box Dury" ya Stiff haikuubeba, na hiyo kwangu ndiyo kasoro kubwa ya mkusanyiko ule, kubwa kuliko kumwacha Dickie na Trever. Ilipofika tarehe 29 Agosti 2012, katika ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki jijini London, waigizaji wenye ulemavu wa kampuni ya Graeae waliuimba mbele ya uwanja mzima. Mtunzi alikuwa amefariki miaka kumi na miwili kabla, kwa saratani, tarehe 27 Machi 2000.

Santuri, umetaja ndui ukapita haraka. Wimbo ulitoka Julai 1979. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili duniani alipatikana Merka, kwenye pwani ya Somalia, Oktoba 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, naye akapona. Mwaka 1978 virusi vya maabara viliua mtu mmoja Birmingham, kwa hiyo Waingereza walikuwa na sababu ya kulikumbuka jina la ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza rasmi kutokomezwa kwake Mei 1980. Dury alikuwa ameuweka ushindi huo katika orodha yake ya furaha kabla ya tangazo, karibu kabisa na kukaa msalani. Mtu aliyelemazwa na virusi vya aina moja anashangilia kufa kwa virusi vya aina nyingine. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa balozi wa UNICEF wa chanjo ya polio. Maalin naye, yule mpishi wa Merka, alikuja kuzunguka Somalia akiwahimiza wazazi wapeleke watoto wao wakachanjwe dhidi ya polio. Hawakuwahi kukutana kwa kadiri ninavyojua, lakini mimi siwezi tena kukisikia kile kina bila kuwaona wote wawili.

#6 Santuri Kuukuu

Binti Kilimani, nimerudi kusikiliza baada ya kukusoma, na nimelazimika kuusimamisha wimbo mara mbili.

Niongeze moja kwenye orodha hiyohiyo, maana wengi wetu hulipita bila kulisikia kwa kasi yake. Katika sehemu ya mwisho anamtaja Bantu Stephen Biko, kwa jina lake kamili. Biko, mpinga ubaguzi wa rangi, alifia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini tarehe 12 Septemba 1977, mwezi uleule ambao "New Boots" ilitoka. Anakaa pale baina ya Wee Willie Harris, mwimbaji wa rock wa London, na Rico, mpiga tromboni wa Jamaika, na baada yao wanakuja ndugu wa Marx wachekeshaji. Mtu mwingine angemwandikia Biko wimbo wa maombolezo, na wapo waliofanya hivyo vizuri. Dury alimweka kwenye sababu za kufurahi, kwa maana kwamba mtu wa namna hiyo aliwahi kuwapo.

#7 Mgeni wa Juzi

Shikamooni wakubwa zangu. Nimeanza kumsikiliza leo kwa sababu ya uzi huu, lakini Kiingereza chake kinanishinda. Nimesoma kwa Kiingereza tangu sekondari na bado ninapata neno moja katika matano. Je, kuna namna ya kumwingia?

#8 Santuri Kuukuu

Marahaba, Mgeni. Usijilaumu. Anasema kwa lafudhi ya mashariki ya London na Essex, tena kwa kuikoleza makusudi, na anataja mitaa na vimji ambavyo hata Mwingereza wa kaskazini huenda hajavifika: Plaistow, Billericay, Romford, Upminster. Kwa muda mrefu aliwaambia waandishi kwamba alizaliwa Upminster, ilhali alizaliwa Harrow, upande mwingine kabisa wa jiji. Hata utambulisho wake aliutunga kwa sehemu.

Anza na "Reasons", kwa kuwa hakuna kisa cha kupoteza: ni majina tu, na ukilikosa moja linakuja jingine. Kisha "What a Waste". "Billericay Dickie" uache mwisho, na usiusikilize mbele ya wazazi.

#9 Mwana wa Besi

Na uusikilize kwa spika zenye besi ya maana, mdogo wangu, si kwa simu. Kwa simu Watt-Roy hayupo kabisa, na utabaki na mzee mmoja anakupigia kelele kuhusu mbuzi.